Jina Kabla ya Mlango

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye foleni ya fanksheni, nje ya kituo cha maziwa alikofanya kazi marehemu kaka yangu, Eliamani.

Fanksheni ni vipande vya programu, kila kimoja na jina lake na kazi yake. Najua kwa sababu Eliamani aliandika programu ya kituo kile kwenye meza ya jikoni kwetu, nami nikimchemshia chai. Kosa lake lilikuwa moja: alinakili kipande cha zamani, akabadilisha kila kitu, akasahau jina lililoandikwa ndani. Basi mtambo ukiharibika, anayelia ni kipande kiitwacho Pima Maziwa, kumbe mgonjwa ni kile cha Osha Dumu.

Kwenye foleni fanksheni ni madumu ya bati yenye miguu. Mlangoni amekaa Kompaila, anayegeuza programu kuwa lugha ya mashine kabla haijaanza kazi. Ni mizani, amevaa miwani na kitenge.

"Jina lako?" anamuuliza dumu aliye mbele yangu.

"Pima Maziwa."

"Hilo umeandikiwa tumboni. Nataka la kwako." Anampindua, anasoma kitako, anagonga muhuri. "Osha Dumu. Miaka minne unajiita jina la jirani, huoni haya?"

"Nilinakiliwa, mama."

"Pita. Majina yanatolewa hapa tu. Ndani ni kukimbia na kazi, hakuna wa kukuuliza."

Zamu yangu inafika.

"Apaikunda," nasema.

"La kitambulisho hilo."

"Mama Aikande."

"Umelinakili kwa mtoto."

"Dada, sogea," dumu mmoja anaguna nyuma. "Maziwa yanaganda."

Lipo la tatu. Eliamani peke yake aliniita hivyo, tangu utotoni, na tangu tulipomzika hakuna aliyelitamka. Siku moja nililitafuta kichwani nikalikosa. Sijamwambia mtu.

Kituo kinakuwa jikoni kwetu. Foleni haishangai. Eliamani yuko mezani, miguu juu ya kigoda, anaandika.

"Kaka, ulikuwa unaniitaje?"

Hainui kichwa. "Chai iko wapi?"

"Si ulikufa?"

"Nilikufa. Sikuacha chai."

Namimina kwenye kikombe chake cha bati. Anakunywa nusu, anakunja uso. "Tangawizi umeionea huruma." Kisha anamgeukia Kompaila. "Huyu usimsumbue. Jina lake nilimpa mwenyewe, siku alipomaliza mtindi wa wageni akajificha uvunguni. Mwandike Kamtindi."

Muhuri unagonga. Napita mlangoni.

Nikaamka asubuhi jina likiwa mdomoni. Nilikwenda jikoni mbio kutafuta kalamu, lisije likanipotea tena. Nikaliandika nyuma ya kalenda.

Nilipogeuka nikakiona kikombe cha Eliamani. Tangu mazishi kilining'inia kwenye msumari wake. Sasa kilikuwa mezani, kina chai nusu, bado vuguvugu.

Nikaionja. Kweli, tangawizi ilipungua.