Dakika Kumi na Tano za Gundi

Gundi ya viatu haina mjadala. Ukishaipaka kwenye soli na kwenye kiatu, unaviacha vimetengana dakika kumi na tano, ndipo unavigandamiza. Ukifanya pupa, mteja anakurudia kesho kutwa, soli mkononi na matusi mdomoni.

Mama Soli aliyajua hayo tangu ana miaka kumi na minne, pale baba yake, aliyekuwa fundi kabla yake, alipoanza kupoteza macho. Walikuwa watoto wawili. Yeye, mkubwa, akaacha shule akashika nyundo. Mdogo wake wa kiume akaendelea na masomo. Nyundo ile ikamsomesha kijana mpaka akawa mhadhiri wa fasihi, kwenye chuo kilichokuwa mitaa miwili tu kutoka karakana ya dada yake.

Mhadhiri hakuwa mtu mbaya. Kila wiki alipita kumjulia hali dada. Ila mazungumzo yakigusa vitabu, aliyakata. "Tusikuchoshe, dada," alisema, kisha akauliza habari za ngozi. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Mama Soli.

Dawa ilitoka kwa wifi yake. Mawifi wengi hukaa kama paka na panya, lakini hawa wawili walikuwa chanda na pete. Wifi, mke wa mhadhiri, alifanya kazi maktaba: alisoma vitabu vya zamani kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya wasioona. Siku moja alileta makubazi akamkuta Mama Soli ameketi, mikono kifuani.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nasubiri gundi."

"Na wakati inakauka, wewe unafanya nini?"

"Naangalia ukuta. Tumeshazoeana."

Wifi akacheka, akachukua simu ya Mama Soli na kumwekea kitabu kizima. "Sikiliza gundi moja tu kwa siku," alimwambia. "Usivimbiwe. Ulichosikia kitafune mpaka kesho. Na mume wangu asijue, atakuharibia kwa maelezo."

Mwezi wa kwanza ulikuwa taabu tupu. Majina yalimponyoka, sentensi zilikuwa ndefu kama foleni, na mara mbili alisinzia gundi ikapitiliza. Akashikilia uzi ule ule. Kufikia mwezi wa tano alikuwa akibishana na mwandishi kwa sauti, wateja wakidhani anapigiwa simu na mkwe. Miaka minne ilipita hivyo. Alisikiliza tamthilia na safari za mabaharia, wenye hekima waliogombana kuhusu maana ya haki, na mashairi aliyoyarudia siku tatu mfululizo kwa utamu wake. Kila kitabu kikiisha, wifi alikuja kumhoji, na mahojiano hayo hayakuwa na huruma.

Basi adhuhuri moja mhadhiri akaingia karakana ameongozana na mkuu wa idara yake, mama wa makamo aliyekuwa akichechemea, kisigino cha kiatu mkononi.

"Dada, tuokoe, ana kipindi saa nane."

"Karibuni. Dakika kumi na tano," alisema Mama Soli, akapaka gundi. Mkuu wa idara akaona simu juu ya meza, visikilizio vimechomekwa.

"Unasikiliza muziki, dada? Tuwekee na sisi."

Mama Soli akasita, kisha akachomoa visikilizio. Karakana ikajaa sauti ya mwanamke ikisoma habari za mtawala aliyepiga marufuku watu kulia mpaka ukuta wa mji ukamilike. Mhadhiri akaganda. Sauti ile aliijua. Alikuwa amekunywa nayo chai asubuhi.

"Hiki nimekifundisha miaka kumi na miwili!" mkuu wa idara akasema. "Dikteta asiye na moyo, yule."

"Samahani, mwalimu, mimi naona moyo anao."

"Dada," mhadhiri akaingilia, "mwalimu ana haraka..."

"Kiatu hakijakauka," alisema mkuu wa idara. "Mwache aseme."

"Sura ya pili," alisema Mama Soli, "kila jioni anaandaliwa sahani mbili, na anakula peke yake. Hatuambiwi ya pili ni ya nani. Mimi nasema ana marehemu wake. Anawakataza wengine kulia kwa sababu anajua yeye akianza hatanyamaza. Hilo halimpi haki ya kuwatesa watu, lakini asiye na moyo haogopi machozi."

Mkuu wa idara akaitazama simu ile. "Sahani mbili," alisema. "Nimezipita miaka yote. Dada, umesoma wapi?"

"Hapa hapa."

"Nani amekufundisha?" mhadhiri akauliza, sauti imekauka kuliko gundi.

"Mkeo."

Wiki mbili baadaye Mama Soli alisimama mbele ya wanafunzi mia moja, kwa mwaliko wa mkuu wa idara, amevaa viatu alivyojishonea mwenyewe. Alivitazama viatu hivyo mpaka alipofika kwenye sahani mbili; baada ya hapo akasahau kuwa ana miguu. Mwishoni mwanafunzi mmoja akauliza, "Mama, vimekusaidia nini vitabu hivi, ikiwa bado unashona viatu?"

"Jana mteja alinifokea kwa sababu ya kamba ya kiatu," alijibu. "Zamani ningemrudishia papo hapo. Jana nilijiuliza kwanza, huyu ametoka wapi kabla ya kufika kwangu? Nikamfikiria vizuri kabisa. Halafu nikamrudishia, ila kwa maneno mazuri zaidi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Aliposhuka, mhadhiri alikuwa amesimama njiani, macho mekundu.

"Dada, miaka yote hii nilikuwa nakuchukulia..."

"Najua ulivyokuwa unanichukulia," alisema, akimpa mkoba wake aubebe. "Sasa niambie ukweli. Pale nilipoieleza sura ya tisa, nimekosea?"

Mhadhiri akafikiri. "Umekosea kidogo."

"Wapi?" aliuliza Mama Soli, uso umemng'aa, na wakatoka nje wakibishana, sauti zao zikisikika mpaka getini.