Jiwe la Mwisho la Gunvor
Gunvor Hedlund wa Uswidi alikuwa mjukuu wa Nils, aliyekuwa mwana wa Arvid, watu walioheshimika kwao kwa kusema kweli. Mwaka 2014, katika ukumbi wa barafu wa Al Barsha, mtaa wa mji wa jangwani mbali na kwao, alicheza mechi ya kuamua kama angebaki timu ya taifa, katika mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu hadi kwenye shabaha. Jiwe la mwisho likiteleza, naye akilisugulia njia kwa ufagio ili lifike mbali, ufagio huo ukaligusa, jambo lisiloruhusiwa. Desturi ya mchezo huo humtaka mkosaji ajitaje mwenyewe, kisha jiwe liondolewe.

"Nyamaza, dada," mwenzake Tuva alimnong'oneza. "Nani ameona?"

"Mimi."

Akainua mkono, akawaeleza wapinzani. Jiwe likaondolewa, wakashindwa, na safari yake ya miaka mingi katika timu ya taifa ikaishia hapo. Akavua glavu, akawapa washindi mkono. Nanyi vijana, lishikeni funzo hilo.