Jumatano za Daktari Eugene

Mwanzoni Daktari Mideva alidhani ni mwanamke wa pembeni. Baadaye akawaza jambo baya zaidi: kliniki ya pembeni.

Yeye na Eugene walikuwa wamefungua pamoja kliniki ya mifugo mjini Kakamega, nayo ilivuma kwa sababu moja: walitibu saratani. Ng'ombe wenye uvimbe machoni waliletwa hapo, na mbwa wenye uvimbe wa kuvuja damu ambao zamani wangemalizwa kwa rungu. Mideva hakujua Jumapili wala sikukuu. Chai yake ilipoa mezani kila siku. Na Eugene? Kila Jumatano, jua likifika utosini, alichukua mkoba wake mweusi, akazima simu, akaenda zake. Alhamisi alirudi akipiga mluzi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na shughuli."

Shughuli gani ya kuzimiwa simu? Mideva akaanza kukagua kabati la dawa. Hakikupungua kitu, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Mwizi mwerevu haibi mlangoni pake. Kisha Mzee Kiptoo, mkulima wa Lugari aliyekuwa akimleta mbwa wake wa ulinzi kutibiwa uvimbe, akasema bila kuulizwa, "Daktari mwenzako namuonanga Shirere, akiingia kwa nyumba za wanafunzi. Huko pia mko na tawi?"

Mideva akaanza kuhesabu siku hadi Jumatano.

Jumatano iliyofuata alimfuata Eugene kwa bodaboda hadi Shirere, akashuka mbali kidogo, akaingia uani kwa miguu. Mama mwenye nyumba, Jelagat, alikuwa akianika nguo.

"Unatafuta yule wa Jumatano? Chumba cha mwisho," akasema, akimpima kwa macho. "Wewe ndiye bibi yake?"

Mideva akampita hadi chumba cha mwisho. Alisukuma mlango.

Ndani mlikuwa na godoro, jiko la mafuta, sufuria na sahani moja. Eugene alikuwa amelala fofofo, soksi bado miguuni. Mideva akaufungua mkoba: shuka na mandazi.

Eugene akashtuka, akaketi. "Umenifuata?"

"Dawa unaficha wapi?"

"Dawa gani? Mideva, mimi hulala hapa. Nyumbani watu hunigongea lango na mbwa wao hata nikiwa naoga. Mwaka jana nilitaka kuiacha kazi hii kabisa. Wanyama wengi mno wamefia mikononi mwangu, nikawa naogopa asubuhi ikifika. Sasa nalala, napika obusuma, ugali wangu, nasikiliza mvua ikipiga bati. Kesho yake kazi naipenda tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe? Ungeniita mvivu."

Angemwita hivyo, kweli. Hata hivyo kabla ya kutoka aliinua ncha ya godoro kwa mguu, akachungulia.

Asubuhi yake mbwa wa Mzee Kiptoo alikuja kwa sindano yake ya saratani. Dawa ile lazima iingie mshipani. Ikimwagika nje ya mshipa, huchoma nyama. Eugene alimshika mbwa, Mideva akachoma. Macho ya Mideva yalikuwa mazito kama ya mtu aliyekesha matangani.

"Usisukume!" Eugene akasema. "Uko nje ya mshipa."

Mideva akatazama. Kweli. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya sindano.

"Nipe mimi," Eugene akasema kwa upole.

Akampa. Akatoka nje, akaketi kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza akajishuku mwenyewe.

Mbwa alipona, uvimbe ulinywea pole pole hadi ukaisha. Nao madaktari wakakubaliana kwamba mchana wa Jumatatu ni wa Mideva kupumzika. Jumatatu ya kwanza hakujua ajiweke wapi. Mwishowe akaenda Matete kwa dada yake Winrose, ambaye kwa miaka mingi alikutana naye mazishini tu.

Winrose alimwona langoni, akaangusha ungo, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mideva! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, dada."

"Usinifiche."

"Nimekuja kunywa chai tu."

Winrose akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Kisha akaingia jikoni kuteleka maji, akigeuka geuka kumchungulia.