Maji ya Saa Sita

...vitatu na nusu, kwa kilo hamsini na nne ni vitatu na nusu, nimepiga hesabu mara mbili na muuguzi naye alipiga, sasa vidonge vimelala kiganjani na vimeanza kunata kwa jasho, na shangazi Béatha anasema bila kuinua macho kwenye cherehani, we Joselyne, dawa inamezwa, haiangaliwi, nami nasema ndiyo shangazi, huku nikiwaza kwamba humu ndani, katika mishipa inayotoka kwenye utumbo kwenda ini, kuna minyoo wa kichocho walioniingia ziwani Rumonge nikiwa na miaka minane, tisa, kwa sababu tangu tukimbilie Kigali sijatia mguu katika ziwa lolote, kwa hiyo ni wale wale, wamekaa nami hapa Kigali, Nyamirambo, miaka yote hii... mwite kila uliyeoga naye akapimwe, alisema muuguzi, na niliyeoga naye ni baba, baba peke yake, aliyebaki kule kulinda nyumba, na tangu Jumatatu naishika simu naiweka, naishika naiweka... iko chungu hiyo, anasema shangazi, imeze na chai... dume hujikunja kama mfereji na jike hulala ndani yake, humbeba, hung'ang'ania ukuta wa mshipa kwa kinywa, huvuta mwili, hushika kwa kikombe cha tumboni, hujinyoosha tena, hupanda hivyo hivyo kinyume cha damu inayomsukuma, niliandika hilo kwenye mtihani nikapata kumi na nane juu ya ishirini, sikujua naandika habari za tumbo langu... na baba alivyonibeba mgongoni, mikono yangu shingoni mwake, nywele zake zikinuka moshi wa samaki wa mukeke, akizama kidogo makusudi ili nipige kelele, saa sita kamili, asubuhi kuna baridi, mama, alikuwa akiniambia, jioni kuna mamba, saa sita maji yamepikwa, alifunga duka kwa ajili ya hilo tu, na sasa mimi ndiye ninayejua kwamba jua la saa sita ndilo linalowatoa vijidudu wa kichocho ndani ya konokono wa ziwani kwa maelfu, kwamba kwa upendo alinichagulia saa mbaya kuliko zote, nitamwambiaje, kila akipiga simu huanzia hapo, unakumbuka maji yetu ya saa sita, mimi bado naenda, hata jana nimeenda... Melchior baba yako alipiga ulipokuwa chuo, anasema shangazi, eti amenenepa, tumbo la mheshimiwa, kaka yangu huyo, anakula na nani, anacheka, sindano inakimbia kwenye kitenge, nami nimeshaanza kucheka kwa mazoea, kisha naiona ile picha aliyotutumia Krismasi, vifungo vya chini vya shati havifikiani, na juu ya shati shingo nyembamba, mashavu yameingia ndani, niliikuza picha nikatazama nyumba nyuma yake, bati, mlango wa buluu, ngazi zetu tatu, yeye sikumtazama... siyo unene, mayai ya minyoo yamelitia ini makovu, damu haipiti, tumbo linajaa maji, na kesho saa sita ataenda tena, atavua viatu... chai inapoa, we mtoto, anasema shangazi, ndiyo shangazi, vidonge bado viko kiganjani, cherehani bado inakimbia, sitaanza na ziwa, ziwa nitamwachia kwa leo, nitaanza na mkanda wa suruali, baba, nitasema, siku hizi unafunga tundu la ngapi