Msalaba Uliotekwa Kitalu cha Saba

1.

"Hivi, mama Adelina, una hakika aliyelala pale makaburini ni mume wako?"

Ndivyo alivyouliza Mama Chiku, jirani wa ukuta mmoja, huku akipepeta mchele. Skolastika alimaliza rozari kwanza.

"Nimemlilia pale pale miaka ishirini na sita. Kama ni mwingine, basi keshalowa."

2.

TANGAZO
Makaburi ya Jiji, Bondeni. Makaburi yote ya Kitalu cha 7 yasiyo na alama wala jina daftarini yatahesabika kuwa WAZI na yatatumika upya. Mwenye madai alete ushahidi kabla ya tarehe 30.

(Chini yake, kwa mkaa: *Hamieni ninyi.*)

3.

Sikiliza, msomaji. Ni mimi, Bondeni mwenyewe.

Nilikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1931 wakaniletea mtu wa kwanza, kibarua wa reli, bila jina. Kitalu cha kwanza wakawekwa Wazungu, na uzio. Cha pili Wagoa, na uzio mfupi. Cha tatu Waafrika, bila kitu. Uhuru ulipokuja uzio ukaoza, wakalala pamoja. Mwaka wa kipindupindu nikapokea vitalu viwili kwa wiki tisa. Kisha cha saba

kikajaa.

Sijamkataa mtu. Leo wanasema niko wazi.

4.

"Ramani ipo, mama," alisema karani wa makaburi. "Namba zipo. Majina ndiyo hayapo. Daftari la mwaka tisini na saba limeliwa na mchwa."

"Msalaba wake ulikuwa na jina na namba."

"Uko wapi?"

Skolastika akashusha pumzi.

"Umetekwa."

5.

Kwa asiyejua: Kosmas Mbawala, mume wa Skolastika, alikuwa Mngoni, na kwenye msiba wa Mngoni watani wake Wahehe hawaji kulia tu. Udongo haujakauka, mmoja wao, Luhwago, akang'oa msalaba, akautia begani.

"Mtu wenu mateka! Nileteeni jogoo!"

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Kawaida mateka hukombolewa siku hiyo hiyo. Lakini mjane alikuwa ndani, amejifunika kanga, na kila shemeji akadhani mwenzake ameshapeleka jogoo.

Kila shemeji.

6.

"Hodi, mtani."

"Nani?"

"Mwenye mateka."

Luhwago, miaka themanini na moja, alimtazama mjane, akamtazama jogoo mwekundu kwapani mwake.

"Wangoni mna mioyo ya mawe! Mlikuwa mnawinda panya muda wote huo?"

"Ningekuletea mbwa, kitoweo chenu Wahehe, nikajua ungemmaliza kabla sijaketi. Lete mtu wangu."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Msalaba ulitoka nyuma ya kabati, umefungwa shuka safi. Kila mwaka alikuwa ameupaka mafuta.

"Mateka hutunzwa," alisema, na safari hii hakutania.

7.

Tarehe ishirini na tisa. Foleni ya wenye madai imefika barazani pa ofisi ya makaburi. Skolastika akaulaza msalaba mezani.

KOSMAS MBAWALA
K7/318

Karani akashusha kidole kwenye ramani. Hapo.

Skolastika akapiga ishara ya msalaba. Kabla hajasema amina, sauti ikatoka kwenye foleni:

"Mbawala? Mama yangu yuko kushoto kwake! Tulizika wiki moja!"

"Basi 317. Jina?"

"Veneranda!"

"Mjomba wangu yuko miguuni kwa Veneranda!"

"Na sisi tulipakana na huyo mjomba, ndugu zake walitukanyagia maua!"

"Mmoja mmoja," Skolastika akaamuru. "Marehemu hawakimbii."

317.
319.
340.
341, pacha.
Mstari mzima.
Mistari miwili.

Kila jina lilipotajwa, baraza lilijibu, "Yupo!" Bibi mmoja akapiga kigelegele, wenzake wakampokea.

Mlango wa ndani ukafunguka. Alikuwa Bwana Sekiete, mkuu wa ofisi, aliyetia saini tangazo.

"Nani kaleta soko hapa?"

"Si soko, baba," alisema Skolastika. "Ni Kitalu cha Saba. Wamekuja kujiandikisha."

Bwana Sekiete akainamia ramani. Nafasi nyeupe za asubuhi zilikuwa zimejaa penseli. Akatazama foleni, mwisho wake haukuonekana.

Akavaa kofia, akatungua futi kamba ukutani, akapita katikati ya watu, akatoka kwenda kupima mahali pengine pa kuzikia.