Mlango Unaoinuliwa kwa Bega

Nyumba ya babu yetu ina ghorofa moja, kuta nene za mawe, na mlango wa mbele wa mbao nzito zilizochongwa maua. Wapita njia husimama wakaupiga picha. Mimi nauchukia.

Babu aliacha usia: mlango ule ufunguliwe kila asubuhi kabla mtu hajapita wa nyuma. Nyumba inayotanguliza mlango wa nyuma, alisema, ni nyumba iliyofiwa. Shida ni kwamba mlango umeshuka. Ukiusukuma hivihivi hauendi popote. Sharti uweke bega chini ya komeo, uuinue, ndipo usukume. Sote tuliokulia humu tunajua, ila wenzangu waliondoka na mabega yao. Nikabaki mimi. Majirani wananiita Mama Funguo, kana kwamba ni cheo.

Safari hii kaka yangu na mdogo wetu, kitinda mimba, walikuja tuzungumze. Nilikuwa na ombi moja tu. Nimechoka, nataka kuhamia kwa binti yangu. Ana vyumba viwili na bomba la maji ndani. Hapa nateka maji uani, na mvua ikinyesha nalala nimezungukwa na ndoo.

"Huu ni urithi, mdogo wangu," kaka alisema, akipapasa ukuta. Chokaa ikammwagikia shatini. "Urithi hauachwi hivihivi."

"Basi si wetu sote? Chukueni funguo."

Kitinda mimba akainamia simu yake. "Dada, kazi zetu unazijua. Halafu wewe umeshazoea."

Nimezoea! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Kwani kufungua mlango nayo ni kazi?" kaka akasema. "Kesho nafungua mimi. Wewe lala."

"Haya," nikasema. Nikalala.

Asubuhi nilimsikia kutoka juu. Akasukuma. Akaguna. Akakumbuka bega, akaweka, na mara akapiga ukelele wa mtu aliyeshikwa na kiuno. "Mama Funguo! Hebu shuka mara moja!" Nikajifunika shuka hadi kichwani. Mwishowe akatoka kwa mlango wa jikoni kwenda kununua mkate, kama mtu asiyekulia nyumba ile.

Mtaa ukaamka ukakuta mlango umefungwa. Siwalaumu. Tangu siku mama alipofariki, mlango ule haukuwahi kukutwa na jua ukiwa umefungwa. Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akabeba benchi lake akaja nalo. Wanawake wakajaa uani, wengine wameshaanza kulia.

"Maskini Mama Funguo, ametutoka," muuza mkaa alisema chini ya dirisha langu. "Nyumba imemmaliza."

"Afadhali," akajibu mwingine. "Sasa atapumzika."

Nililia palepale kitandani. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kunitakia mapumziko nikiwa hai.

Nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikashuka. Muuza mkaa aliponiona alipiga yowe. Mshona viatu akatoka mbio, benchi akaliacha. Kaka alikuwa amesimama katikati ya waombolezaji, mkate kwapani, akipokea pole za mkono na hata hajaelewa nani amekufa. Nikamwekea funguo zote kiganjani.

"Sasa atafungua nani?" akauliza. Sauti yake haikuwa tena ya mtu wa urithi.

"Bega unalo, kaka."

Akatazama chini. "Mlango ni mzito, mdogo wangu. Sikujua."

Nilitaka kumjibu maneno makali, ninayo mengi. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikapita jikoni, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwa binti yangu nililala usingizi wa mtoto. Hakuna ndoo, hakuna tone. Kulipopambazuka niliamka kabla ya wote, nikaenda mlangoni, nikaweka bega chini ya komeo, nikainua kwa nguvu zangu zote.

Ulikuwa mlango mwepesi wa mbao za kawaida. Bawaba ziling'oka, nikaanguka nao barazani.

Binti yangu akaja mbio. "Mama! Huu unasukumwa tu!"

"Najua," nikamwambia, na sikuweza kuinuka.