Ubao Uliosusa

Katika karakana ya Mzee Pima ubao haupakwi rangi, unalishwa. Ukinywa vizuri, umekula. Rangi ikibaki inanata juu, umeshiba. Na ukikataa ukaacha baka jeupe, basi umesusa, na ukisusa, weee, lawama yote ni ya aliyeupaka: mkono wake mzito, mbao haimtaki. Binti yake alikuwa ameambiwa maneno hayo tangu aanze kushika msasa, na yalimkera mpaka basi.

Siku hiyo aliamka amejifunga kibwebwe. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, na mume wa dada yake, mtu wa haraka zake, alishaipangia karakana: mashine huku, makochi ya kuungaunga kule, randa zote za mzee zikauzwe. Mzee aliwaita wote wawili mbele ya meza kubwa aliyoiunda mwenyewe, ambayo bado haijaguswa na rangi.

"Ipake wewe," alimwambia binti. "Kesho asubuhi nikiikuta imetoka vizuri, ufunguo wako. Isipotoka, anachukua shemeji yako. Sitaki kelele."

Binti alipiga msasa akifuata nyuzi za mbao, akafuta vumbi mpaka kitambaa kikarudi kisafi. Akalikoroga kopo la rangi hadi chini, maana ile rangi nyepesi ya mafuta uzito wake wote hulala chini. Akachovya tambara, akapaka kutoka ncha hadi ncha bila kusimama, akaiacha mbao inywe, kisha akaanza kufuta iliyozidi. Nyuzi zikajitokeza, za kahawia iliyokolea. Jamani, alifurahi!

Kisha akaliona baka. Katikati kabisa, dogo, jeupe, linamkodolea macho.

"Loo, umesusiwa!" Shemeji yake alikuwa keshafika mlangoni, kama aliyeitwa. "Mbao si kucha, shemeji yangu. Si kila mtu anajua kupaka."

Binti aliinama, pua karibu iguse meza. Baka lilikuwa na mistari myembamba ya kidole, na kwa juu lilikatika ghafla. Kidole gumba kilichokatwa ncha na msumeno, katika nyumba ile, kilikuwa kimoja tu. Baba yake aliegemea pale akiwa na gundi mkononi, asione, asifute. Na gundi ikishazama, msasa wa juu juu hauitoi, na rangi haiingii hata uipake kwa mkono wa malaika. Mzee huyu huyu aliyekuwa akifumua kabati zima la mtu kwa tone moja la gundi!

Angesema tu, "Njoo uone." Shemeji angefyata mkia. Lakini kabla jua halijazama mtaa mzima ungejua kwamba Mzee Pima kwisha habari yake. Ulimi ulimwasha kwelikweli. Akaumeza.

"Imesusa, ndiyo," alisema. "Sasa nipishe nifanye kazi."

Shemeji akalichungulia baka kwa karibu, akaondoka simu sikioni, keshaanza kutangaza.

Kukwangua baka peke yake kungeacha kiraka. Kwa hiyo aliiosha meza nzima kwa tapentaini, akaingoja ikauke, akaanza upya na msasa, ubao kwa ubao. Mabega yaliwaka moto. Alilia kwa hasira, akamtukana shemeji, akaitukana na gundi, lakini mkono haukusimama. Ndipo akailisha tena.

Asubuhi mzee aliizunguka meza. Shemeji alikuwa nyuma yake, anatafuta kosa kwa macho. Kiganja cha mzee kilipita juu ya mbao taratibu, kikasimama katikati.

"Nasikia ilisusa hapa."

Binti alitazama ukutani. "Mkono wangu mzito, baba."

"Usinidanganye, mama. Shemeji yako kanisimulia yote. Baka dogo, kaniambia, lina mistari, limekatika kwa juu." Akakiinua kidole gumba chake, akakitazama. "Wala hakujua anachonisimulia."



Mzee akaanza kufungua ufunguo kwenye kamba ya shingoni. Fundo lilimkatalia. Kidole kifupi kiliteleza, kikarudi, kikateleza tena. Shemeji akanyoosha mkono amsaidie, na binti akaudaka hewani.

"Muache," alisema.

Wakasimama pale, wakasubiri, mpaka mzee akalifungua fundo mwenyewe.